Chaji ya Kuvuka Tuta

Upepo wa siku ile ulikuwa mkali kiasi kwamba shakwe walikuwa wanatembea kwa miguu. Niliwaona kwa macho yangu mwenyewe, wamepanga foleni kwenye njia ya baiskeli, na yule wa mbele alikuwa amechoka. Mke wangu Wietske akinisikia nikisimulia hivi huniambia niongeze kwamba walikuwa wamevaa viatu. Sawa, viatu sikuviona. Lakini upepo ulikuwepo, na ulikuwa unatoka mashariki, yaani kulekule nilikokuwa naenda.

Nilikuwa naenda Lelystad, kwenye bwawa la kuogelea, na ilikuwa lazima niwe nimefika kabla ya saa nane mchana. Mjukuu wangu Fenne, mwenye miaka sita, alikuwa anafanya mtihani wa cheti chake cha kwanza cha kuogelea. Kwetu mtoto hana ujanja wa kukikwepa cheti hicho, maana nusu ya nchi imekaa chini ya usawa wa maji na kila mtaa una mfereji wake. Watoto huingizwa bwawani na nguo zao na viatu vyao, kama vile wametumbukia mferejini wakitoka shule. Halafu ndipo linapokuja jambo lenyewe. Turubai kubwa hushushwa majini, lina tundu katikati, na mtoto lazima azame, apite kwenye lile tundu, aibukie upande wa pili. Fenne alikuwa ameshashindwa mara mbili. Kuogelea anaogelea kama bata. Akifika kwenye turubai anashika ukingo, anang'ang'ania, na mwalimu wa kumbandua pale hajazaliwa.

"Kule nyuma kuna giza, Babu," aliniambia alipokuja kwetu Enkhuizen kututembelea.

Basi nikamsimulia. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mlinzi wa daraja, nikiinua daraja meli zipite na kulishusha watu wapite. Tulikuwa tunakusanya ushuru kwa kiatu cha mti kilichofungwa kwenye ufito wa kuvulia samaki: unakishusha, nahodha anatia sarafu, unakivuta juu. Nikamwambia Fenne kwamba siku moja kiatu kilikatika kikazama, nami nikajitosa kukifuata, nikajikuta chini ya jahazi la mchanga, giza totoro, juu chuma na chini tope. Akatokea kambare mzee mwenye sharubu, mkubwa kama kochi, ameshika taa mdomoni. Akaniongoza mpaka upande wa pili. Na kiatu akanirudishia, sarafu zote zikiwa ndani, isipokuwa moja aliyojilipa.

Fenne alisikiliza mdomo wazi. "Na mimi namtaka huyo kambare."

"Amezeeka, hatoki sana siku hizi. Lakini taa yake ameniachia mimi. Siku ya mtihani nitasimama nayo upande wa pili wa turubai."

"Nikiiona napita," alisema. "Nisipoiona sipiti."

"Utaiona."

"Sema naahidi."

"Naahidi."

Wietske alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka. "Sipke," alisema, "maneno yako yote ya miaka hamsini nimekusamehe kwa sababu hakuna aliyeyaamini. Huyu ameamini."

Taa yenyewe ilikuwa tochi yangu ya darajani, ya chuma, yenye mwanga wa njano. Niliiweka tayari siku tatu kabla.

Sasa nielezee habari ya umeme, maana hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu. Baiskeli yangu ni ya umeme, imeshaona baridi saba. Unakanyaga, mota inakusaidia, na msaada una ngazi tatu nilizozipa majina. Ya kwanza ni Mchungaji: anakutia moyo tu. Ya pili ni Karani: anafanya kazi akitaka. Ya tatu ni Mwizi, kwa sababu inakupeleka kama umekwapua mkoba wa mtu, na wakati huohuo inakuibia chaji. Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani, nilitumia Mwizi kwenda mji wa Hoorn na kurudi, ili tu niwapite vijana wenye kaptura za kubana. Niliwapita. Nilirudi na betri imebaki robo.

Usiku nikaichomeka. Ila umeme wa kwetu bei yake hubadilika kila saa. Upepo ukivuma, mitambo ya upepo inazunguka, bei inaporomoka. Kukiwa shwari, bei inapanda. Nimefunga plagi yenye akili, nikaiamuru isipitishe umeme mpaka bei iwe karibu na bure. Jirani zangu wote wameifunga. Tunakutana dukani tunaulizana, "Wewe jana umefulia saa ngapi?" kama watu waliokula njama.

Usiku ule hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Plagi ilingoja, nami nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Asubuhi nilikuta betri ileile robo. Na nilipokuwa nimesimama bandani, bado na ndara, nikasikia vigae vinaanza kugongana. Upepo umefika. Bei ikaporomoka, taa ya plagi ikawa kijani, chaji ikaanza kuingia. Umeme wa bure kabisa, uliletwa na upepo ambao ndio nilitakiwa kupambana nao njia nzima.

Ningeweza kupanda treni? Reli ilikuwa inatengenezwa wikiendi ile, na basi la kufidia huzungukia nusu ya nchi. Mkwe wangu alikuwa kazini na gari. Wietske alikuwa ameshatangulia kwa binti yetu Jorinde tangu Alhamisi. Teksi? Kwa ukoo wetu teksi ni kitu cha kwenda nacho hospitali, tena ukiwa umezirai, usione bei.

Basi nikakaa juu ya ndoo nikiitazama chaji. Tuta linalovuka ziwa kutoka Enkhuizen hadi Lelystad lina urefu wa kilomita ishirini na kitu, limenyooka kama rula, maji kushoto, maji kulia, hakuna mti wala ukuta. Nikianza mapema betri haitoshi. Nikingoja betri ijae, muda hautoshi. Kila nikisimama niondoke, namba inapanda kidogo, nakaa tena. Nimekuwa kama mtu anayekunwa mgongo: hapo hapo, bado kidogo.

Simu ikalia. Wietske.

"Uko wapi?"

"Njiani."

"Mbona nasikia kuku wa jirani Gerbrand?"

"Wamenisindikiza."

"Sipke! Mtoto ameamka saa kumi na moja alfajiri. Amevaa nguo za mtihani tangu wakati huo. Ameniuliza mara kumi kama taa ya kambare inaweza kuzimwa na upepo."

"Mwambie haizimwi."

"Mwambie wewe, ukifika," alisema, akakata.

Niliichomoa betri ikiwa nusu na ushee kidogo. Kufuli, pampu, kipande cha jibini cha kumpelekea Jorinde, glovu. Nikatoka mbio.

Kilomita za kwanza za tuta nilizikanyaga na Karani, nikijiambia mambo yako sawa. Hayakuwa sawa. Skrini yangu ina tabia ya kukwambia zimebaki kilomita ngapi kabla chaji kuisha. Kwenye siku ya utulivu ni rafiki. Siku ile ilikuwa kama daktari asiye na adabu. Nilipoingia tutani iliniambia naweza kwenda kilomita thelathini. Nikaenda mbili, ikasema ishirini na tatu. Nikaenda moja, ikasema kumi na tisa. Yaani njia inapungua moja, uwezo unapungua nne.

Nikashuka hadi Mchungaji. Baiskeli ikawa nzito kana kwamba nimempakia kasisi mwenyewe. Nikalala juu ya usukani kidevu kikigusa kengele. Macho yalitoka machozi, na machozi hayakuanguka, yalikwenda moja kwa moja masikioni. Kulia kwangu magari yalipita vyuu, watu wamekaa na joto lao wakila peremende. Mbele, ng'ambo, niliona mitambo ya upepo, mamia, mirefu, mabawa yanazunguka kwa furaha. Umeme wa kuendesha miji mizima, na mimi chini yake nahesabu matone.

Nikaanza kupiga hesabu ambazo hazina mwisho. Nikizima msaada dakika kadhaa, nitaokoa. Lakini nitachelewa. Nikichelewa, nitahitaji Mwizi mwishoni. Nikimtumia Mwizi, betri itakufa kabla ya mji. Goti langu la kushoto lina chuma cha hospitali ndani yake. Bila mota, mbele ya upepo ule, lingenibeba mpaka kesho kutwa. Katikati ya hesabu hizo namwona Fenne ameshika ukingo, maji yanamdondoka kidevuni, anatazama upande wa pili wa turubai, na hakuna kitu.

Katikati ya tuta kuna kibandari cha kukimbilia boti wakati wa dhoruba, na siku za Jumamosi huwa na kigari cha kuuza samaki. Nilikuwa nimemtegemea yule muuza samaki kama mwokozi: ana jenereta, angenichajia huku nanywa supu. Nilipofika, pahali pa kigari palikuwa na bango limeanguka kifudifudi. Upepo umemfukuza hata yeye.

Nikashuka, nikajibanza nyuma ya ukuta wa choo. Nikaona niikague tochi, angalau niishike nijipe moyo. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto wa baiskeli: kufuli, pampu. Mfuko wa kulia: jibini, glovu moja. Nikavimwaga vyote chini. Nikaviangalia. Tochi ilikuwa bandani, pembeni ya ndoo, mahali nilipoiweka ili nisiisahau.

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua nilisema maneno ambayo hata mabaharia walikuwa wakiyasema kwa sauti ya chini darajani kwangu.

"Umekufa, au unapumzisha mashine?"

Niligeuka. Alikuwa Diewertje, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Ana miaka sabini na minane, mrefu, mwembamba, na kidevuni ana nywele tatu ambazo hazikati, kwa sababu anasema zinamwonyesha upepo unatoka wapi. Anaendesha baiskeli nyeusi ya mama yake, haina umeme, haina gia, ina taa kubwa mbele na dainamo ya kuiwasha, ya kusuguana na tairi la nyuma, na kiti cha ngozi kilichokwisha kuota makalio ya vizazi viwili. Kila Jumamosi huvuka tuta kwenda Lelystad kula samaki mbichi na kitunguu, kisha hurudi.

"Diewertje! Leo pia?"

"Kwani leo kuna nini?"

"Upepo!"

Akagusa kidevu. "Upo kidogo," alisema. Akaitazama baiskeli yangu, akainama mpaka kwenye skrini. "Pikipiki ya wastaafu imeishiwa?"

"Imebaki kidogo. Diewertje, sina muda wa kutaniwa."

"Miaka thelathini ulikuwa unaniinulia daraja usoni, nikisimama mvuani na mboga zangu. Wakati huo muda ulikuwa nao."

"Zilikuwa meli, mama. Si mimi."

"Meli! Siku moja uliinua daraja kwa ajili ya bata."

"Alikuwa bata mkubwa."

Akacheka, lakini akaniona uso, akaacha. "Nini, Sipke?"

Nikamwambia yote, mbio mbio: mtihani, turubai, kambare, taa, ahadi, tochi iliyobaki bandani. Alisikiliza bila kuniuliza kwa nini mtu mzima anamwambia mtoto mambo ya kambare na taa.

"Na hicho kilicho mbele ya usukani wako ni nini, jibini?"

Nikatazama. Taa ya baiskeli. Ilikuwa inawaka, mchana kweupe, kama inavyowaka siku zote.

"Inakula betri ileile," nikasema. "Gerbrand fundi anasema mota ikifa taa hubaki saa mbili zaidi. Lakini Gerbrand huyohuyo ndiye aliyesema betri hii itadumu miaka kumi."

"Basi usimalize. Zima mota, bakiza ya taa. Panda, kaa nyuma yangu. Gurudumu lako karibu na langu, lakini ukinigonga nakutia ziwani. Nitakukatia upepo."

"Nikukalie nyuma wewe? Watu wataniona!"

"Nani? Shakwe?"

Hivyo ndivyo mimi, Sipke wa darajani, mwenye baiskeli ya umeme ya bei ya ng'ombe wawili, nilivyovushwa tuta mgongoni pa bibi wa miaka sabini na minane. Mgongo wake ulikuwa mwembamba, lakini nyuma yake kulikuwa na kijia cha hewa tulivu, chembamba kama yeye. Nikiteleza kidogo kushoto, upepo unanipiga kofi. Nikirudi, kimya. Nilizima mota. Goti likaanza kuimba.

"Usisimame kukanyaga!" alipiga kelele bila kugeuka. "Zungusha! Unakanyaga kama unaua mende!"

"Goti!"

"Mimi nina mawili!"

Tulikwenda hivyo. Nilikuwa natazama tairi lake la nyuma tu, na ile dainamo yake imeinuliwa, haigusi. Kila baada ya muda nilichungulia saa. Saa saba ikapita. Pwani ya Lelystad ilikuwa palepale, kana kwamba kuna mtu anaisukuma nyuma. Simu ikatetema mfukoni, nikashindwa kuachia usukani. Ikatetema tena.

"Pokea," Diewertje alisema. Tukasimama kidogo ubavuni.

"Babu?" Hakuwa Wietske. "Babu, wameshaanza kutuita. Mimi ni wa mwisho. Unayo taa?"

Nilimtazama Diewertje, naye akanitazama. Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama mlango mbovu.

"Ninayo," nikasema.

"Mbona unapumua hivyo?"

"Taa ni nzito, mama. Unajua ilikuwa ya kambare."

Akakubali. Kisha, polepole: "Nitaangalia upande wa vioo." Simu ikakatika.

Diewertje alikuwa tayari amepanda. "Umebakiza kiasi gani?"

"Sehemu ya kumi. Labda."

"Na zimebaki kilomita ngapi?"

"Tano. Na ule mwinuko wa daraja la kuingilia mjini."

"Kwa mwendo wangu tutakuta mtoto amekauka. Washa hilo dude lako. Lile la tatu."

"Na taa?"

"Taa isiyofika ina faida gani? Washa! Nishike na mimi."

Kwa hiyo nikawasha Mwizi. Diewertje akashika mkanda wa mfuko wa baiskeli yangu kwa mkono mmoja, na sasa mimi ndiye niliyekuwa mbele, mota inanguruma, skrini inapiga kelele za rangi nyekundu, bibi wa watu nyuma yangu anapiga kengele bila kuacha. Nasikia polisi wa barabarani walitupima wakadhani kipimo kimeharibika. Tuliukata mwinuko wa daraja kama mkate, tukashuka mjini, kona ya kwanza, ya pili, na mbele ya jengo la bwawa mota ikakohoa, ikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi. Lakini taa! Taa ya mbele ilikuwa bado inawaka. Nikambariki Gerbrand na kuku wake wote.

Mlangoni palikuwa na kijana wa kike na karatasi. "Mtihani umeshaanza, mzee. Haturuhusu watu kuingia katikati, watoto wanashtuka."

"Mjukuu wangu ni wa mwisho!"

"Utamwona kwenye kantini, kuna televisheni."

Televisheni haina taa ya kambare. Diewertje alinivuta mkono. "Amesema vioo. Twende nyuma."

Nyuma ya jengo kulikuwa na nyasi, na ukuta mzima wa vioo, kuanzia chini hadi juu, umejaa mvuke. Tukasukuma baiskeli mpaka kwenye kioo. Nikafuta unyevu wa nje kwa mkono wa koti, nikatia uso. Mbele yangu, karibu kabisa, kulikuwa na upande wa pili wa turubai. Zaidi ya hapo, vichwa vya watoto wenye kofia. Kisha nikamwona Fenne, koti limemganda mwilini, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Wenzake wote walikuwa wameshapita. Mwalimu alikuwa amechuchumaa akimwambia kitu. Jorinde alikuwa amefunika uso. Wietske alikuwa amesimama kwenye viti vya wazazi, anazungusha shingo kama mnara wa taa.

Nikaigeuza baiskeli, taa ikaangalia ndani. Doa la mwanga likaanguka juu ya maji, nyuma ya turubai. Fenne alikuwa anatazama chini. "Tazama huku, mama," nikasema kwa kioo. "Inua kichwa."

Akaanza kuinua kichwa.

Taa ikazimika.

Haikufifia wala kuaga. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Nikaipiga betri kofi, nikaibembeleza, nikaiahidi umeme wa bei ghali. Miaka saba na baridi ya siku ile: haikubaki hata punje. Ndani ya kioo, Fenne alikuwa ananyanyua macho, anayapitisha kwenye vioo vyote, polepole, kimoja kimoja, kuanzia kule mwisho. Alikuwa hajafika kwetu.

"Toka!" Diewertje alinisukuma kwa nyonga. Alisimamisha baiskeli ya mama yake mbele ya kioo, akaangusha dainamo igande kwenye tairi, akashika kiti kwa mikono miwili na kuinua gurudumu la nyuma hewani. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Zungusha! Kwa mkono!"

Nikapiga magoti kwenye nyasi, nikashika pedali, nikazungusha. Dainamo ikalia kama nyigu kwenye kopo. Taa ile ya zamani, ya mviringo, kubwa kama bakuli la uji, ikatoa mwanga wa njano. Nikizidisha unakuwa mkali, mkono ukichoka unafifia. "Kaza!" Diewertje alisema kwa meno. "Kaza, wewe mtu wa bata!" Nilizungusha. Sikuweza kuona ndani tena, uso wangu ulikuwa kwenye mnyororo. Niliona tu mkono wangu na mafuta meusi, na nikasikia pumzi zetu wawili.

"Ameona?" niliuliza.

"Nyamaza."

"Diewertje, ameona?"

"Ameachia ukingo."

Nikazungusha.

"Amezama."

Nikazungusha. Nilizungusha mpaka bega likawa si langu tena. Alikaa chini ya maji muda mrefu kuliko mimi chini ya jahazi, na mimi, nawakumbusheni, sijawahi kuwa chini ya jahazi. Diewertje alizidi kuliinua gurudumu. Kiti kilitetemeka mikononi mwake.

Kisha kioo kikagongwa.

Niliinua kichwa. Alikuwa upande wetu wa turubai, ameogelea moja kwa moja hadi ukingoni badala ya kugeuka kama walivyofundishwa, ametoka majini, amepiga magoti kwenye vigae, kiganja chake kimekaa juu ya kioo. Nyuma yake mwalimu alikuwa anapunga mikono, na watu kwenye viti wamesimama. Fenne alikuwa anaongea. Sikusikia neno. Niliweka kiganja changu chenye mafuta juu ya kiganja chake, na lile doa jeusi lilibaki kwenye kioo chao, sikulifuta.

Baadaye walitufungulia. Kwanza tulivalishwa vile vifuko vya bluu vya kufunika viatu. Fenne alikuja amejifunga taulo, cheti mkononi, meno yanagongana.

"Taa yako inapumua, Babu," alisema. "Inakuwa kubwa, inakuwa ndogo. Tochi haziko hivyo."

"Tochi haziko hivyo," Wietske alirudia, akiyatazama magoti yangu ya matope na mkono mweusi. Aliniletea kiti.

Fenne alikuwa ameshamgeukia Diewertje, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akila jibini la Jorinde, maana alisema ni nauli. Alimtazama kuanzia vifuko vya bluu, akapanda taratibu kwenye ule urefu wote, mpaka kidevuni. Hapo akasimama. Akazitazama zile nywele tatu.

"Babu," alininong'oneza, "huyu ni nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu.

Diewertje alimeza jibini. Akainama mpaka macho yao yakalingana.

"Nimezeeka," alisema. "Sitoki sana siku hizi."